Sukari inasoma saba, lakini usiku silali

Siku ya kliniki ya kisukari kinachotangulia ni namba. Unafika asubuhi hujala, unatobolewa kidole, mashine inasoma, namba inaandikwa kwenye kadi. Ikiwa saba kushuka chini unaambiwa hongera mzee, endelea hivyo hivyo. Ikiwa kumi na nne unaulizwa jana ulikula nini. Inafuata presha, uzito, dirisha la dawa, na aliyekuwa nyuma yako kwenye benchi anaingia. Watu ni wengi, wahudumu ni wachache, na sina lawama kwao. Lakini miaka niliyoishi na ugonjwa huu imenifundisha kwamba namba ile inaeleza damu yangu ya asubuhi hiyo tu. Kuna kipindi mashine ilikuwa inasoma sita na nusu, saba, na wakati huo huo usiku silali, siwezi kukanyaga cherehani hata saa nzima, na nyumbani mke wangu amenyamaza. Kwenye kadi nilikuwa mgonjwa anayeendelea vizuri.

Nataka kuyasema yale yasiyoandikwa kwenye kadi. Mengi yana msaada, na msaada hauji mpaka mwenyewe ufungue mdomo.

Mimi ni fundi cherehani. Baraza yangu iko Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Nashona sare za shule, suruali za kitambaa, na vitenge vya akina mama sikukuu zikikaribia. Kisukari changu ni aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima. Kiligundulika nilipokwenda hospitali na jipu la mgongoni lililokataa kupona. Nikapimwa bila kula, ikasoma 13. Anayefikisha 7 au zaidi hajala kitu, kipimo kikarudiwa kikawa hivyo, huyo ana kisukari. Na aina hii ya pili inaweza kukaa mwilini miaka bila kubisha hodi. Ndiyo maana wapo wanaoambiwa leo kwamba wana sukari, na leo hiyo hiyo wanakutwa macho au miguu imeshaguswa.

Kwangu yalianzia miguuni. Kwanza ganzi kwenye vidole, baadaye nyayo zote mbili. Nikisimama nahisi kama nimevaa soksi nene ambazo sikuzivaa. Hiyo ni mchana. Usiku mambo yanageuka: nyayo zinawaka moto, zinachomachoma, hata shuka likizigusa naruka. Nilikuwa nalala ukingoni mwa kitanda, miguu nimeishusha nje ya chandarua, nyayo nimezibandika kwenye sakafu ya saruji zipoe. Saa nane usiku naamka natembea uani. Saa kumi napata usingizi kidogo, na adhana ya alfajiri inanikuta nimechoka kuliko nilivyopanda kitandani. Mtu asiyelala anakuwa mkali kwa watoto, anakosea vipimo vya wateja, anasahau nani amelipa na nani bado. Hayo yote ni kisukari, ingawa hakuna mashine inayoyasoma.

Watu huuliza inakuwaje mguu usiosikia msumari mchana uwake moto usiku. Nilielezwa hivi: sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaharibu neva, pamoja na vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha neva hizo. Neva ndefu kuliko zote mwilini ndizo zinazokwenda nyayoni, kwa hiyo ndizo zinazotangulia kuumia. Neva iliyoumia inaacha kupeleka habari za kweli, na wakati huo huo inapeleka za uongo. Moto hakuna, ila ubongo unaambiwa upo.

Wenzangu wengi kwenye benchi la kliniki humeza diklofenaki kwa maumivu haya, kwa kuwa ndiyo dawa inayouzwa kila duka la dawa na kila mtu anaijua. Maumivu ya neva hayaisikii sana dawa hiyo, na jamii yake yote ni mbaya kwa figo ambazo tayari zimeelemewa na sukari. Mimi nilipata nafuu siku moja ambayo daktari, binti wa rika la mwanangu, aliweka kadi pembeni akaniuliza, "Mzee wangu, unalalaje?" Nikamwambia silali. Akaniandikia amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku. Asili yake ni dawa ya sonona, lakini kwa kiwango kidogo hutuliza neva. Kinywa kinakauka, siku za mwanzo asubuhi kichwa kinakuwa kizito, na wenye matatizo fulani ya moyo hawapewi. Nililala. Swali la maneno matatu lilinirudishia usiku wangu, na tangu hapo sisubiri kuulizwa.

Ganzi nayo ina habari yake, na kwa fundi ni nzito kuliko maumivu.

Cherehani ya miguu inaongozwa na nyayo. Unaanzisha gurudumu kwa mkono, kisha kisigino na vidole vinapokezana kwenye pedeli, na mguu ndio unaojua gurudumu linakwenda mbele au limegeuka kurudi nyuma. Likirudi nyuma uzi unakatika. Nilifundishwa kazi hii nikiwa kijana, na kwa miaka mingi sikuwahi kuifikiria miguu yangu, ilikuwa inajua. Ganzi ilipopanda mpaka kifundoni, uzi ulianza kukatika ovyo. Nilibadilisha sindano, nikabadilisha uzi, nikaita mtu wa kurekebisha cherehani. Cherehani ilikuwa nzima kabisa.

Halafu ikaja pini. Fundi yeyote anajua sakafu ya baraza haikosi pini. Moja ilipenya ndala, ikaingia chini ya dole gumba, nikaendelea kushona sketi za shule. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyeinama kuokota chaki akaona. "Fundi, mbona pedeli ina damu?" Nikavua ndala, nikainua mguu. Pini imezama yote, kimebaki kichwa chake cheupe. Niliivuta kwa koleo la vifungo na sikusikia kitu. Nimechomwa na sindano na pini mikononi maisha yangu yote na kila mara naguta. Hii niliichomoa mwilini mwangu kwa utulivu uleule ninaoutumia kuichomoa kwenye kola.

Kwa nje lilikuwa tundu dogo. Baada ya siku chache mguu ukavimba, nikapata homa, na hospitali walipolifungua tundu lile wakakuta usaha umeshatembea kwa ndani. Hapo ndipo nilipoanzishiwa sindano za insulini, kwa sababu kidonda hakiponi sukari ikiwa juu. Lakini agizo lililoniumiza kuliko sindano ni jingine: usiukanyagie huo mguu. Kidonda cha nyayo kwa mwenye kisukari hakiponi kama kinaendelea kubebeshwa uzito. Unaweza kukisafisha kila siku, ukabadilisha bendeji kila siku, na bado kila hatua unayopiga inakifumua. Sasa fundi wa cherehani ya miguu aambiwe asikanyage, na ni Januari, mwezi ambao sare za shule ndizo zinazolipa kodi ya mwaka mzima. Kijana alishona alichoweza. Wateja wengine walisubiri, wengine walichukua vitambaa vyao wakaenda kwa mafundi wa sokoni, na siwezi kuwalaumu, mtoto hawezi kwenda shule na kitambaa mkononi.

Majirani walikuja kunipa pole, na kila mmoja alikuja na neno lake. Mmoja alisema nimekanyaga dawa iliyotegwa barazani na mtu mwenye wivu. Mwingine alisema niloweke mguu kwenye maji moto yenye chumvi. Niliwasikiliza kwa heshima, ila mfano wa baba yangu mdogo ulikuwa mbele ya macho yangu. Yeye aliishi Sikonge, alikuwa mrina asali. Mguu wake ulianza na lengelenge la kiatu. Aliambiwa amekanyaga dawa, akapelekwa kwa mtaalamu, akaloweka mguu kwenye maji ambayo mikono ya mke wake haikuweza kuyastahimili, naye akasema hayana moto. Ngozi ilibabuka. Alipofika hospitali vidole vilikuwa vyeusi na maambukizi yamepanda, wakakata chini ya goti.

Alipona kidonda, hilo nalishukuru. Lakini mrina asali hapandi mti kwa mguu mmoja, na asiyepanda mti haendi porini na wenzake. Msimu ukifika wanaume wa pale hukaa kambini wiki nyingi, wanapika pamoja, wanakagua mizinga, wanasimuliana usiku. Yeye alibaki nyumbani na wanawake na watoto, anasikia baiskeli zinapita alfajiri zikielekea msituni. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akawa hasemi. Alikuwa anakula sana, akawa anasukuma sahani. Watu walisema amekubali matokeo. Mimi nadhani alikuwa na sonona na hakuna aliyeitambua, kwa sababu macho ya wote yalikuwa kwenye mguu. Wenye kisukari hupata sonona mara nyingi zaidi kuliko wasio nacho, na mwenye sonona hana nguvu ya kupima sukari wala kumeza dawa kwa saa yake, hivyo moja linalisha jingine. Ukimwuguza mtu wa namna hii, mwulize pia moyo wake ukoje, na umwambie daktari jibu alilokupa.

Mguu wangu ulipona, polepole. Ulipofunga, daktari yule yule alinifanyia kipimo ambacho sitakisahau. Alitoa kikalamu chenye uzi mmoja wa nailoni uliosimama, mfupi, mgumu kidogo. Akaniambia nifumbe macho niseme "ndiyo" kila nikisikia unagusa nyayo. Uzi ule umetengenezwa ujikunje ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu kumi. Asiyeusikia amepoteza ule ulinzi wa mguu, ana hatari ya kidonda. Nilikaa nimefumba macho nasubiri aanze. Akasema, "Mzee, nimeshamaliza." Nimeshika uzi tangu utotoni, naujua uzi kwa kidole, upi ni wa pamba na upi wa nailoni, na nyayo zangu hazikuujua.

Kipimo hicho ni cha dakika chache, hakina maumivu, hakihitaji umeme wala damu, na mwenye kisukari anatakiwa akaguliwe miguu walau mara moja kwa mwaka. Kama hujawahi kuvuliwa viatu kliniki, vua mwenyewe useme naomba uniangalie miguu. Nimeona wazee wenzangu wakiona aibu kwa sababu ya vumbi au nyufa za visigino. Muuguzi ameona mengi kuliko vumbi.

Sasa nina mota ndogo kwenye cherehani. Bado kuna kibao cha kukanyaga, lakini kinahitaji mgandamizo mdogo tu, na kasi naipima kwa sikio badala ya nyayo. Umeme ukikatika kijana anakaa kwenye ile ya miguu na mimi nakata vitambaa. Ndala nimeziacha kabisa, navaa viatu vya kufunika vyenye nafasi mbele, na kabla ya kuvivaa naingiza mkono ndani nipapase, kwa kuwa mkono bado unasikia. Usiku binti yangu mdogo au mama yao ananimulikia nyayo na katikati ya vidole. Baiskeli nimeiacha, na Tabora bila baiskeli mtu unajiona umepungukiwa. Nyayo haijui iko wapi kwenye pedali, mara mbili tatu nimeponea mtaroni. Bodaboda napanda, ila ekzosi nakaa nayo mbali, kwa kuwa inaweza kunichoma nisijue mpaka ninuse.

Insulini yenyewe niliiogopa kwa muda mfupi tu. Hapa kwetu wengi wanaamini ukifikishwa kwenye sindano umefika mwisho, na wapo wanaokimbia kliniki kwa neno hilo moja. Binti yangu mkubwa anasomea uuguzi, na aliponiona nimenyong'onyea alinisomea habari za utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza, ulioanza mwaka 1977 na kutoa matokeo yake makuu 1998, kwa watu zaidi ya elfu tano wenye aina hii yangu. Walionyesha kwamba kuibana sukari kunapunguza madhara ya macho na figo, na pengine ya neva. Mwaka uliofuata, 1999, yakachapishwa majibu ya swali jingine walilowauliza baadhi ya wagonjwa wale wale: unaishije, unatembea, una furaha? Ikaonekana kilichoshusha ubora wa maisha ni madhara ya kisukari. Matibabu ya kuibana sukari, ambayo kwa wengi yalihusu vidonge au insulini, hayakuushusha. Niliyaelewa kwa mwili wangu. Sindano inanigharimu dakika moja. Ile pini ilinigharimu Januari nzima.

Friji sina. Insulini naihifadhi kwenye chungu: chungu kikubwa, ndani yake mchanga wenye maji, katikati chungu kidogo chenye chupa, juu kitambaa kibichi. Septemba na Oktoba, jua linapokuwa kali na hewa kavu, ndipo chungu kinapofanya kazi vizuri zaidi, maana maji yanakauka upesi na yakikauka yanaondoka na joto.

Kinachonitisha kwenye insulini ni sukari kushuka. Siku moja nilichoma asubuhi, chakula kikachelewa, wateja wamejaa. Nikaanza kutokwa jasho jembamba, mikono ikatetemeka, mkasi ukawa unakwenda njia yake. Mteja akaniuliza jambo, nikamfokea. Mama mmoja, akidhani nimelewa, akasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi fundi anaanza mapema. Kijana wangu alikuwa ameshaelekezwa. Alikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji akanishikia kikombe, na baada ya kama robo saa nikarudi kuwa mtu. Chini ya nne ni hatari, na ubongo ndio unaoanza kuyumba, kwa hiyo mwenyewe unaweza usijue kwamba unaumwa. Waambie unaofanya nao kazi. Niliwaambia na wateja wangu wa siku zote, na yule mama alirudi siku nyingine na chungwa mfukoni. "Fundi, hili liweke hapo mezani," akasema, na kila akipita anaangalia kama lipo.

Macho yalifuata. Madoa meusi yalianza kuelea mbele ya jicho la kushoto, nikidhani ni nyuzi za kitambaa cheusi, nafuta jicho na hayatoki. Nilielekezwa Mwanza. Basi la alfajiri, Nzega, Shinyanga, mpaka ziwani. Wakanitia matone ya kupanua mboni, wakatazama nyuma ya jicho, wakakuta vimishipa vimevujisha damu. Nilipigwa mionzi ya leza. Walinieleza bila kuficha: leza inalinda kuona nilikobaki nako, hairudishi kilichokwenda, na inaweza kupunguza kuona gizani. Ndivyo ilivyokuwa. Magharibi ikiingia nafunga kazi, na njiani namshika mtu bega. Kutunga uzi kwenye sindano siwezi tena. Kila asubuhi kijana anatunga sindano za mkono, nyeusi, nyeupe, bluu ya sare, kijani, anazichoma kwa mstari kwenye kipande cha sponji, na mimi nachukua ninayoitaka. Ni yeye aliyelibuni hilo, sikumwomba.

Ugonjwa wa macho wa kisukari hauna dalili mwanzoni. Nilikuwa nasoma maandishi ya futi kamba vizuri kabisa wakati uharibifu umeshaanza. Kwa hiyo kuangaliwa macho kila mwaka hakuhusiani na kuona vizuri au vibaya. Figo ni vile vile: unaweza usisikie chochote, na protini kwenye mkojo ndiyo inayotangulia kusema. Zangu zimeanza kuvujisha protini kidogo. Nameza enalaprili ya kushusha presha na kuzilinda, na presha naichunga sawasawa na sukari. Kwenye benchi la kliniki nakutana na watu ambao ndugu zao wamefikia kusafishwa damu, na ukisikia safari na gharama zake unaelewa kwa nini kikopo cha mkojo si cha kudharau.

Sasa lile ambalo wanaume hatulisemi. Kisukari kinagusa nguvu za kiume, kwa kuwa kazi hiyo inahitaji neva na mishipa ya damu, na vyote viwili ndivyo vinavyoharibiwa. Inawapata wanaume wengi wenye kisukari, na inawapata mapema kuliko wanaume wengine. Mimi nilinyamaza. Mke wangu akaona kimya kile, akahesabu anavyojua. Usiku mmoja aliniambia, "Mzee, kama kuna mtu mwingine niambie, nijue moja." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Nilimweleza. Akakaa muda, kisha akauliza, "Na hospitali umesema?" Sikuwa nimesema, wala sikujua kwamba ni jambo la kusemwa pale.

Tulikwenda wawili. Daktari aliuliza mambo ya kawaida kabisa, usingizi, presha, dawa ninazomeza, maana baadhi ya dawa za presha nazo huchangia. Alisema dawa zipo, ila mtu anayetumia dawa za nitrati za maumivu ya kifua hapaswi kabisa kuzichanganya, presha inaweza kushuka mpaka ikamwua. Vile vile tatizo hili linaweza kuwa dalili ya kwanza ya mishipa ya moyo kuziba, kwa hiyo kulificha ni kumficha daktari habari za moyo. Nafikiria vijana wanaonunua vichupa visivyo na jina stendi na sokoni kwa ajili ya shida hii, bila mtu wa kuwauliza hata kama wana kisukari. Mambo yetu yamekuwa nafuu kwa kiasi. Kikubwa ni kwamba mke wangu anaongea na mimi tena, na sasa yeye ndiye anayekuja kliniki na maswali mengi. Wanawake nao wana yao, fangasi zinazorudi, ukavu, maumivu, na wanayanyamazia zaidi kuliko sisi.

Chakula nakisema kwa ufupi, kwa kuwa ndicho kila mtu anachokisema. Shida yangu ya chakula iko kwa watu zaidi kuliko sahani. Tabora ni nchi ya asali, na mgeni hupewa asali. Nimeambiwa na watu wazima wenye akili zao kwamba asali ya porini haina madhara kwa mwenye sukari kwa kuwa imetoka kwa nyuki. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa asali ni sukari, hasa glukosi na fruktosi. Mwili hauulizi imetoka kwa nyuki au kiwandani. Msibani unapewa soda, harusini pilau imepakuliwa mlima, ukikataa unaonekana unajisikia au unaogopa kulogwa. Kuna kipindi niliacha kwenda kwenye shughuli za watu, na hapo ugonjwa uliniondolea kitu kikubwa kuliko wali. Nimerudi kwenda. Nachukua kidogo, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) vipande viwili, karanga, mboga nyingi, na nikiulizwa nasema wazi nina sukari. Mara nyingi anayeuliza ananivuta pembeni aniambie na yeye anayo.

Kwenye baraza nina daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Kurasa za nyuma nimezigeuza za kliniki. Neno likinijia katikati ya kazi naandika hapo hapo, nikifika kwa daktari nafungua nasoma, maana ukiingia chumba kile kila kitu kinapotea kichwani. Naanza na nilichoshindwa kufanya tangu mara ya mwisho, sukari inafuata. Kwa kliniki ijayo yapo matatu. Bega la kulia limeganda, siwezi kuinua mkono kuchukua jora la juu, na nasikia bega kuganda huwapata zaidi wenye kisukari. Kidole cha kati kinakwama nikishika mkasi, nakinyoosha kwa mkono mwingine kinalia tak. Na la tatu limeandikwa na binti yangu kwa mwandiko wake: mwulize kuhusu vitamini B12, kwa kuwa umemeza metformini, kile kidonge cha kushusha sukari, miaka mingi, na metformini inaweza kuishusha, na ikishuka nayo inaleta ganzi.